Bloku Yenye Haina Jina

Nguba, 9/8/1999

Maman Héritier mupenzi,

Tuko wazima, mbuzi yako ilizaa wawili.

Waaskari waliniletea lori yao ku garage. Wanakuja kwenu Minova kesho kutwa, wanasema mulificha adui. Bloku ya moteri, ile chuma yenye kubeba silinda, matundu yake ilishapanuliwa mara mbili. Mimi nikapanua tena, ukuta za silinda zikabakia nyembamba sana. Mukubwa wao anataka turbo isukume hewa na nguvu zaidi ndani ya moteri, wapande mulima mbio. Zamani ningekataa, juu ukuta za vile zinapasukaka ku mulima. Leo nilijibu, "Ndiyo, chef," nikakaza turbo mpaka mwisho.

Ondoka na watoto hata vile. Pengine lori itafika.

Unajua, kila bloku yenye ninatengeneza ninaandikaka jina ya Papa pembeni, juu ni yeye alinifundisha kazi ya muzuri. Hii sikuandika.

Bwana yako,
Cirhuza