Nguo Zilizopigwa Pasi Mapema

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako, kwa wifi na kwa watoto. Natumaini mu wazima. Huku tunapumua, na mama yu hai. Nimetanguliza hilo makusudi, ili yanayofuata uyasome umeketi.

Uliniuliza kwenye simu kama kukamatwa kwa mdogo wetu Mpole ni fitina za kazini, nami nikasema nitakuandikia. Si fitina. Tangu aajiriwe uuguzi katika nyumba ya wazee ninakofua nguo, wazee walimgombania. Hata wakifa, jamaa zao walimshukuru, kwa kuwa waliwakuta wameshanyolewa na kuvishwa nguo zao nzuri.

Nguo hizo nilizipiga pasi mimi. Aliniletea mchana, akisema mzee fulani anatarajia wageni. Nikamtania kwamba wageni wa nyumba hii ni wachelewaji kupindukia, maana kila wakija wanakuta maiti. Naye akacheka. Wazee hufa, kaka, na huyu ni tumbo moja na mimi, sikumdhania ubaya.

Mama alipovunjika nyonga tulimlaza katika nyumba hiyo hiyo, tukasema ana bahati kuuguzwa na mwanawe. Ijumaa Mpole akaniletea gauni la mama la bluu, nilinyooshe vizuri. Nikamwuliza ni mgeni gani anayekuja. Akasema ni wewe. Na wewe asubuhi ile ile ulikuwa umeniambia umenyimwa likizo.

Niliacha pasi juu ya gauni nikakimbia wodini. Mama alikuwa amechanwa nywele, anatabasamu, na Mpole anajaza sindano. Nilimlalia mama nikapiga kelele mpaka mlinzi akaja. Polisi niliwaita mimi, kaka. Mwanzo alikana, kisha akawataja wazee wengi, hata ambao hakuna aliyewatilia shaka. Anasema aliwapumzisha. Bado nampenda, na naona aibu kukuandikia hivyo.

Mama haamini hata neno moja. Anasema sindano ile ilikuwa ya maumivu, nami nimemwonea wivu kitinda mimba wake tangu utotoni. Chakula changu anakisukuma. Jana aliwaomba wauguzi wanizuie mlangoni, kwa kuwa anaogopa nitamuua.

Omba ruhusa tena, uje umlishe wewe. Wifi na watoto uwabusu kwa niaba yangu.

Ni mimi mdogo wako,
Dada wa Kufua