Kovu Ndani ya Mapafu ya Mama

Nakuru, Jumanne, Oktoba 2007

Bado namkasirikia yule daktari, ingawa hakukosea. Alimweleza Mama kwamba mwilini kuna protini inayoamsha chembe hai zizibe kidonda. Kwa Mama, tangu augue nimonia, haijanyamaza. Inazidi kuziba, na mapafu yanageuka kovu.

"Kwa hivyo mwili wangu unaniponya mpaka uniue?" Mama akauliza.

Daktari akaitazama tena eksirei ya kifua chake. "Ni kama hivyo, mama. Dawa ya kuinyamazisha bado hatuna."

Tulipofika nyumbani, mtaani Kaptembwo, Mama alikataa kulala. Ameketi kitandani anamenya minji, njegere za kijani.

Nami siwezi kutulia. Kikohozi kikikatika tu, nakimbia mlangoni pa chumba chake kuchungulia.

"Wacha kunilinda kama maiti," amesema sasa hivi. "Ingia tumenye."

Naenda.