Nani Atabeba Picha ya Baba

Katandala, Sumbawanga
13 Juni, 2004

Kwa dada yangu Silvana,

Shikamoo dada. Nakuamkia nikiwa nimevaa masweta mawili na juu yake koti la marehemu Baba, maana baridi ya mwezi huu huku Ufipa haimheshimu mtu, hata awe mpiga picha maarufu kama mimi. Ninyi wa Mbeya mnajisifia baridi, lakini yenu bado inanyonya. Shemeji hajambo? Kile kikohozi chake kimeondoka? Na Happyness je, ameacha kulia akiona watu wenye ndevu? Mwambie mjomba wake Tito anazo sasa, tena tatu nzima, kwa hiyo aanze mazoezi.

Sisi huku tu wazima. Mama goti linamsumbua akipanda ngazi za kanisa, ila mdomo wake hauna ugonjwa wowote. Kaka Yonas amevuna vizuri kule Mpui, mahindi na alizeti, na kila akija mjini anatembea kama diwani. Hata mjukuu wa Kabula, yule ng'ombe wetu uliyekuwa ukimkamua huku unamwimbia, amezaa ndama jike, mwekundu kama Kabula mwenyewe. Nimempiga picha, nimeiweka humu ndani ya bahasha. Sura yake imetulia kuliko ya Yonas.

Dada, kamera mliyonipa inafanya kazi, na mimi naifanyisha kazi. Nimepiga ukungu unavyolala juu ya mashamba ya ngano asubuhi. Nimepiga Mama akipepeta ulezi mpaka akanirushia makapi. Wapiga picha wa stendi, wale wanaosubiri mkanda uishe ndipo waupeleke kusafishwa, wakiniona natazama picha papo hapo nyuma ya kamera wanajifanya wana haraka. Uliniuliza kwa nini katika picha zote ninazokutumia mimi simo. Sasa nani atanipiga? Mpiga picha hana sura, dada. Wenzake wote wanaonekana, yeye ni kivuli chini ya miguu yao. Neno hilo lishike, nitalirudia.

Kazi nafanya kwa Andwele, yule Mnyakyusa aliyekuwa karani kabla ya kupunguzwa kazini. Siku hizi serikali ikikuachia mkono unafungua duka, basi naye kafungua duka la kuchapa na kutoa kopi, na kompyuta anayo. Yeye anajua kuchapa. Mimi ndiye ninayejua Fotoshop. Ukinikuta nimeishika mausi ya kompyuta utasahau kuwa niliishia kidato cha pili. Mwalimu wangu wa hesabu, yule aliyesema kichwa changu ni cha kufugia nywele tu, alikuja kupiga picha za pasipoti. Nikamwondolea chunusi zote bila kuombwa. Kipara nikamwachia.

Ninachokipenda katika programu hiyo ni zile leya. Ni kama unatandika nailoni juu ya nailoni: unachora ya juu, ya chini haiguswi. Ukikosea unaiondoa ya juu, na iliyokuwa chini iko palepale, nzima. Andwele nimemweleza mpaka nimechoka, bado anaogopa kuigusa.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Agosti tunafanya misa ya kumbukumbu ya Baba, miaka kumi, hilo unalijua. Mama anataka picha yake itangulie toka nyumbani mpaka kanisani. Na picha ya Baba unaijua ilivyoisha. Alikuwa nayo moja tu maishani, nasi kwa akili zetu nyingi tukaipigilia msumari kwenye msalaba wa kaburi, ndani ya nailoni, ili wapita njia wajue nani kalala pale. Nani alitoa wazo lile? Yonas anasema ni wewe. Wewe unasema ni Yonas. Masika yakaingia ndani ya nailoni yakamla Baba uso wote. Mama aliibandua akaihifadhi ndani ya kitabu cha nyimbo. Imebaki kofia, sikio la kushoto, kola na mabega. Katikati ni peupe kama sembe.

Na wa kuibeba ni mimi. Mama alipanga tangu Pasaka: wewe mkubwa utamshika yeye mkono, Yonas atabeba msalaba mpya, kitindamimba atatangulia na picha. Mara hiyohiyo nikaanza kutembea kama diwani mimi pia.

Basi nikasema, Baba hayupo lakini watoto wake tupo. Sura yake itakuwa imetawanyika kwetu. Nitaikusanya. Mama hakuamini, ila alivaa kitenge cha kanisani akaja dukani, akaketi kwenye kiti cha Andwele mwenyewe, akaanza kuniamuru kama fundi anayejengewa nyumba. Paji la uso akasema ni la Silvana, nilitoe kwenye picha yako ya harusi. Macho pia yako, ila niyapunguzie madaha. Pua na taya akasema ni za Yonas. Yonas akaitwa toka Mpui, akanyolewa ndevu ili taya ionekane, akarudi kwake analalamika kwamba mke wake kamkaribisha kama mgeni.

Kisha ikafika zamu yangu. Nilikuwa nimeacha makusudi, maana kizuri huliwa mwisho. Nikaweka nyusi zangu. Mama akasema hapana. Nikaweka mashavu, hapana. Masikio nikamwambia walau tulinganishe na lile lililobaki, akasema nisijisumbue. Nikadhani ananitania. Alipogeuka kutafuta miwani yake nikayaingiza mashavu yangu kwa siri, kwa leya nyembamba ambayo hata Andwele hakuiona. Mama akavaa miwani, akatazama mara moja, akasema niyaondoe, huyo siye.

Andwele hawezi kunyamaza, unamjua. Akamuuliza Mama kama huyu Tito hawakumwokota kwa wafuga ng'ombe, maana tazama urefu huo, amekosa fimbo tu na redio ya kuning'iniza shingoni. Nikacheka kuliko wote. Nikaongezea na ya kwangu, juu ya wale Wasukuma wa bondeni wanaokuja kupiga picha na baiskeli mpya na kukataa kuondoa nailoni kwenye tandiko. Nikageuka nimwone Mama akicheka. Alikuwa anafungua fundo la kitenge chake, analifunga tena.

Tulipofika nyumbani alichukua ungo wa maharage akaniambia niketi, na akaanza kuchambua bila kuinua uso. Dada, haya ninayoandika sasa wewe unayajua. Nayaandika ili nawe ujue kwamba ninayajua.

Aliniambia kwamba zamani Baba akiwa mpimaji wa mahindi wa chama cha ushirika kule Laela, palikuwa na msichana wa Kisukuma aliyeachwa na wenzake njiani kwa sababu ya ugonjwa, wao wakishuka na ng'ombe kwenda bonde la Rukwa. Alikuwa mjamzito. Mume hakuonekana. Mama wakati huo alikuwa ametoka kuzika mtoto mchanga, na maziwa yalikuwa hayajakauka. Msichana yule alijifungua nyumbani kwetu, akaishi siku chache, akafa. Jina lake Kabula.

Baba alituma habari bondeni, na mwishowe akaja mjomba wa marehemu akiwa na ndama jike mwekundu. Alikuja kunichukua. Akanikuta kifuani kwa Mama nimenenepa. Mama anasema mzee yule alisema palepale mlangoni kwamba kwao ndama akishapokewa na ng'ombe mwingine hatenganishwi naye, ukimtenganisha unawapoteza wote wawili. Akamwacha ndama wake, akaomba kitu kimoja tu: aitwe Kabula, ili jina lile liwe linaitwa kila siku pale ninapokulia. Kisha akaondoka. Miaka yote ile, dada, nilikuwa namwita mama yangu zizini, asubuhi na jioni, na wala sikujua.

Akasema pia kwamba wewe ndiye uliyenibeba mgongoni tuliporudi Sumbawanga, ukakataa kunishusha hata kwa Baba. Kumbe gari langu la kwanza ni mgongo wako. Na umenificha miaka yote, mshikaji wangu! Mtu asiyeweza kuficha hata sukari.

Nilitoka nikaenda zizini. Nikamtazama yule ndama mwekundu, nikataka kumtania, nikakosa neno. Mimi, Silvana, nikakosa neno.

Yonas alipokuja nikamweleza. Anasema yeye alikuwa mdogo, alijua mtoto kanunuliwa Laela, akaridhika. Akafikiri kidogo, akasema sasa ameelewa kwa nini nilikuwa namaliza maziwa yote. Tukacheka. Kisha nikamwambia Mama kwamba picha aibebe Yonas, maana yeye ndiye mwenye pua. Mama akasema kesho turudi dukani, kwa sababu picha haijaisha.

Na kweli haikuwa imeisha. Kila kitu kilikuwa mahali pake, paji, macho, pua, taya, lakini aliyetutazama mle kwenye kompyuta alikuwa mtu wa ofisini aliyekuja kudai kodi. Mdomo wa Yonas haukumfaa, wako haukumfaa. Mama akamwambia Andwele ashike kamera, mimi akaniamuru nimtanie Andwele kama kawaida yangu. Kutania kwa amri ni kazi ngumu, dada, hasa ukiwa na moyo mzito. Ila Andwele mwenyewe alikuwa ameishika kamera kinyumenyume, kioo cha mbele kikimtazama yeye, nikamgeuzia, na neno likaja lenyewe. Kabla halijatoka, akabonyeza. Yaani hata kubahatisha huko nilimgeuzia kamera mimi.

Mama akasema ni hapo. Upande mmoja wa mdomo unapopanda kabla ya maneno. Akasema Baba alikuwa akifanya hivyo kwenye mizani ya ushirika hapa mjini, akitaka kumtania mtu aliyetia mawe kwenye gunia, na mimi nilikuwa naketi juu ya magunia namtazama kutwa nzima. Nikamwambia kwamba hicho sikuzaliwa nacho. Akajibu kuwa ndiyo, wenzangu walipewa, mimi nilichukua mwenyewe, mwizi mkubwa.

Nikauweka ule mdomo juu ya leya zote. Mama akasogeza kiti. Hakuvaa hata miwani. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayemsemesha mtu aliyechelewa chakula, "Baba Silvana, ulikuwa wapi wewe?" Andwele akatoka nje kuangalia mvua. Juni, dada. Mvua gani ya Juni?

Picha iko tayari ila sijaichapa. Sababu ni hii. Mama ananipenda, na jicho la anayependa halifai kwa ushahidi. Yonas alikuwa mtoto. Mimi namkumbuka Baba kwa harufu ya magunia na kikohozi chake zaidi ya sura. Wewe ndiye uliyekuwa mtu mzima akiwa hai, na wewe ndiye ulijua tangu mwanzo mimi ni nani. Kwa hiyo sitakutumia picha hii kwa basi. Nataka uione hapa, kwa macho yako yaliyopunguziwa madaha.

Siku ya misa nitakungoja mlangoni na vitu viwili: picha ya Baba chini ya kitambaa cheupe, na kamera. Ifunue uitazame. Ukiona huyo siye, au ukiona aliyekuja kwa mgongo wako hapaswi kutangulia mbele ya watoto wa tumbo, chukua picha umpe Yonas, mimi nitabaki na kamera yangu, na sitanuna, ndivyo nilivyozoea. Lakini ukiona ni yeye, basi usiseme chochote. Chukua kamera unipige. Kitufe kiko juu upande wa kulia, na kioo kinanitazama mimi, siyo wewe. Usije ukaniaibisha kama Mnyakyusa wangu.

Nisalimie shemeji, mwambie amalize dawa. Mbusu Happyness kwa niaba ya ndevu tatu. Mama anasema uje na viazi vya huko, anavyovisema vibaya kila siku lakini anavitaka. Ndama bado hana jina. Nimemwambia Mama tukungoje, ingawa mimi jina ninalo moyoni, nanyi nyote mnalijua.

Mdogo wako, kama bado unanihesabu hivyo,

Tito Baltazari