Vidole Vinavyowaka Moto

Kaka yangu mpendwa,

Huku hatujambo. Cherehani mpya imefika, na binti yangu sasa anashona vifungo, ingawa bado anavishona upande wa ndani.

Kuna jambo nilikuficha. Mwezi uliopita nilianguka nikimpima mteja suti. Kifua kilinibana, jasho likanitoka. Hospitalini daktari akasema ni moyo.

Nikabisha, "Mwembamba kama uzi mimi, na sijafika hata arobaini!"

"Mafuta hayana kosa hapa, mama," akasema. "Chembe zinazogandisha damu zimekuzidi, zikaziba mshipa wa moyo."

Kisha akauliza kama vidole huniwaka moto na kuwa vyekundu. Nikasema ndiyo, miaka sasa. Hapo nikakukumbuka wewe, kaka, maana katika barua yako ya mwisho ulilalamikia vidole vivyo hivyo, ukatania kwamba ni uzee unabisha hodi.

Daktari anasema mara chache ugonjwa huu hutembea katika ukoo. Mimi nameza dawa, naendelea vizuri, lakini simu yako haipatikani, na kila yangu ikilia nahofia ni habari mbaya zako. Barua hii ikikufikia asubuhi, usingoje mchana. Nenda kapime damu kwanza, ndipo unijibu.

Dada yako anayekuhofia.