Bata wa Kijerumani kwenye Uzinduzi wa Kisima

Nasma uko wapi?? Nimejifungia chooni, nacheka peke yangu kama chizi 😂

Unakikumbuka kile kitabu changu cha watoto, cha bata asiyetaka kuoga? Si ndicho Kijerumani pekee ninachokielewa Dodoma nzima! Vitabu vingine vyote vinaniua. Nimekisoma mpaka nimekikariri.

Sasa leo hapa Chamwino tumezindua kisima, wafadhili wamekuja kutoka Ujerumani. Mzee Zablon akashika kipaza sauti: "Binti yetu Raheli anasoma Kijerumani, atatoa neno la shukrani."

Hakuniambia kabla. HAKUNIAMBIA!!

Nikasimama. Kichwani hamna kitu, ni bata tu. Nasma, nimewatolea wageni bata! Kwa hisia, na mikono juu! "Bata mdogo hataki maji. Maji ni ya baridi. Bata analia."

Vigelegele uwanja mzima. Mzee Zablon akasema, "Haya mwanangu, tutafsirie."

Nikasema, "Nimesema tunashukuru sana kwa maji." 🙈

Kumbe mgeni mmoja, bibi mwenye mvi, aliwahi kuwa nesi huku kwetu miaka mingi. Akanivuta pembeni, Kiswahili kimenyooka kuliko changu: "Binti, yule bata mwishowe alioga?"

Nikajibu, "Shikamoo bibi. Sijui, kurasa za mwisho zimechanika."

Alicheka mpaka akashikilia bomba. Halafu akanisimulia mwisho wote kwa Kijerumani, taratibu.

Nasma.

Nimeelewa kila neno. Aliogaaaa!!! 🦆