Mkufu wa Pembe Uliosema Ni Wako

Mama Wawira,

Nimekaa nje ya kibanda changu hapa Nchiru, karibu na chuo kikuu. Wanafunzi wanapita kwenda darasani, na wasichana wengi siku hizi wana herini kubwa zinazogonga mashavu wakigeuka. Ungefurahi. Ungemsimamisha mmoja na kumshika sikio bila kuomba ruhusa, uone kama waya umepinda vizuri.

Unaona? Nilitaka kuanza kwa hasira, na sasa nakukumbuka nikicheka. Acha nianze tena.

Umenitenda vibaya. Nimejua wiki moja baada ya kukuzika, wakati huwezi tena kuulizwa wala kujibu. Kama ungekuwa hai ningekuja mlangoni kwako nipige kelele mpaka majirani watoke. Sasa sina mlango wa kugonga. Ndiyo maana naandika.

Unakumbuka siku tulipokutana? Nilikuwa nimemaliza Form Four na sikuwa na pa kwenda, kwa hivyo nilimsaidia mama kuuza karoti sokoni Gakoromone. Ukaja na kikapu chako, na shingoni ulikuwa na duara za pembe nyeusi, kubwa kama visahani, zimeshikana kwa waya wa shaba mpaka mabegani. Matope yote yale, watu wanasukumana na magunia ya kabichi, na wewe umevaa hivyo kuja kununua vitunguu! Mama aliniambia kwa Kimeru kwamba huyo lazima ni mtu wa televisheni. Mimi niliachilia karoti zikaanguka.

"Unaangalia nini, mwari?" uliniuliza. Uliniita binti kabla ya kujua jina langu.

"Hiyo kitu iko kwa shingo."

"Ni pembe ya ng'ombe. Kuja kesho uone vile inatengenezwa."

Mama alidhani ni mzaha. Kesho yake nilikuja, kwenye kile chumba chako karibu na uwanja wa Kinoru, na nikakaa miaka sita.

Ulinifundisha kila kitu, sitasema uongo juu ya hilo. Ulinituma kwa Mzee Abdalla, yule mwenye bucha mjini, nichague pembe. Alikuwa akiniwekea kando zile ndefu na kusema, "Kendi, hizi ni za fahali wa Isiolo, angalia rangi." Ulinionyesha kuzichemsha mpaka ule mfupa wa ndani utoke, kuzikata, kuzibana katikati ya mbao zikiwa bado moto ili zinyooke. Mwanzoni nilitapika kwa ile harufu. Ulinionyesha msasa mkali, kisha laini, kisha kitambaa cha jinzi chenye mafuta. Na kila nilipomaliza kitu ulikitundika mlangoni, ukavuka barabara, ukakitazama kutoka kule. Kama hukukiona vizuri, ulirudi na neno moja: "Rudia."

Nilipenda vile hukubagua wateja. Watu hudhani vitu vikubwa ni vya wale wa kupigwa picha. Wewe ulimpimia mama wa karoti kwa makini yaleyale uliyompimia bibi harusi. "Huyu ana shingo moja na yule ana shingo moja," ulisema. Unamkumbuka yule mwalimu wa shule ya msingi, ambaye mkuu wa shule alimwambia avue bangili yake pana kwa sababu watoto hawasikilizi, wanaangalia mkono? Alikuja kwetu karibu kulia. Ukamtengenezea ya pili, ya mkono wa pili. Tulicheka wiki nzima. Alizivaa zote mbili.

Basi njoo kwenye mkufu.

Mikono yako ilikuwa imeanza kutetemeka, ile sukari ikikula polepole. Hakuna aliyejua isipokuwa mimi. Ndipo mtu anayemfanyia kazi yule mwimbaji mashuhuri akapiga simu, akasema mwimbaji ameona kazi yetu kwenye harusi fulani na anataka kitu cha kuvaa kwenye sherehe ya tuzo za muziki, kitu ambacho hakuna mwingine atakuwa nacho. Ulikata simu, ukaniangalia mikono. Ukanisukumia koleo.

Niliuchora nyuma ya kalenda ya kanisa. Pembe kumi na nne, zimekatwa kama majani ya mgomba, zinaanza nyembamba chini ya kidevu na kupanuka mpaka zinafunika mabega, nyeusi zikiingia kahawia, kahawia ikiingia rangi ya maziwa. Wa kwanza ulivunjika mikononi mwangu. Nililia, nikaanza upya. Siku kumi na moja. Wewe ulikaa kwenye kiti chako ukinywa uji, na kwa siku zote hizo ulisema mara mbili tu: "Punguza hapo kushoto." Ulikuwa sahihi mara zote mbili. Hayo ndiyo uliyochangia, Mama Wawira, na nayaandika kwa sababu mimi sitaki kuchukua kitu ambacho si changu.

Mwimbaji alikuja mwenyewe kujaribu, siku aliyokuwa na onyesho hapo uwanjani. Mimi ndiye niliyemfungia kishikizo kisogoni. Alipojiona kwenye kioo aligeuka akanishika vidole, vyote vimekatwakatwa.

"Ni wewe umetengeneza?"

Nilifungua mdomo. Wewe ukajibu kutoka kitini: "Huyo hunisaidia."

Nikafunga mdomo. Nilikupenda, na ulikuwa mgonjwa, na nilifikiri ni neno dogo tu.

Tuliangalia tuzo kwako, marudio ya Jumapili mchana, sebule imejaa majirani. Alipopanda jukwaani na lile gauni jeusi lisilo na kitu, ni mkufu tu ulioonekana. Taa ziliupiga na zile pembe zikawaka kama zina mafuta ndani. Niliona jani la tano kutoka kushoto, lile nililolisugua mpaka ngozi ya kidole ikatoka. Mtangazaji akauliza mkufu umetoka wapi, na yeye akasema, "Meru!" Nyumba ililipuka. Watu walikukumbatia mmoja baada ya mwingine. Mimi pia nilikumbatiwa na mtu, nadhani kwa sababu nilikuwa nimesimama karibu.

Kisha wakaja watu wa redio na kinasa sauti chao. Ukawaambia, "Niliufanya peke yangu, siku kumi na moja." Hata siku zangu ulizichukua.

Walipoondoka uliniona uso. Ukaniambia, "Usijali, mwari. Watu wanataka jina moja la kukumbuka. Kazi ijayo itakuwa na jina lako." Nikaamini. Nakuapia niliamini, tena nikaenda kukupikia.

Na kazi zikaja. Kila mwanamke alitaka "ule wa TV", ila wa kuvaa kila siku: jani moja kwenye uzi, majani mawili masikioni. Nilikata majani mpaka nikayaota. Wauguzi wa zamu, wauzaji wa mitumba, mke wa mchungaji. Ilikuwa furaha kutembea mjini na kuona kazi yangu ikipita kwenye shingo za watu wanaobeba maji, wanaopima viazi, wanaogombeza watoto. Nilijiambia jina si kitu. Wewe ukazidi kudhoofika. Mimi ndiye niliyekushika mkono kwenda kliniki, niliyekukata kucha, niliyekupaka mafuta miguuni wakati Wawira yuko kazini Embu. Alikuwa akinipigia na kusema, "Kendi, wewe ndiye mtoto wake zaidi yangu." Niliona fahari.

Ulipokufa tulikupeleka kwenu Embu. Akina mama wa kanisa walikataa uzikwe na mapambo; walisema mbele za Mungu mtu huenda bila madoido. Niliwapigania. Mimi, ambaye sipendi kugombana na wakubwa, nilisimama mbele yao nikasema huyu mama hajawahi kutoka nje bila pete yake, na hatatoka leo. Wawira akaniunga mkono. Nikakuvika pete ile pana kwa mkono wangu mwenyewe. Nilikupigania, Mama Wawira. Kumbuka hilo unaposoma yanayofuata.

Wiki moja baadaye Wawira alinipa simu yako. Alitaka niwajulishe wateja. Nilianza juu nikishuka, jina baada ya jina, mpaka nikafika kwa mwimbaji.

Alikuwa amekuandikia miezi mitatu baada ya tuzo. "Yule msichana wako aliyenifungia mkufu, nilijua ni yeye. Kuna watu Nairobi wanafungua karakana, wanatafuta fundi wa pembe, watamfundisha kufua madini ya fedha pia. Naomba namba yake."

Ulimjibu kwa ujumbe wa sauti. Nilibonyeza.

"Aki pole, dada. Huyo msichana aliolewa. Alienda mjini Maua huko, akaacha hii kazi kabisa. Ata simu hana."

Sauti yako ilikuwa tulivu, kama unaeleza bei ya vitunguu. Na nyuma ya sauti yako kuna kitu kinakwaruza, shh, shh, shh. Nilisikiliza mara ya pili ndipo nikajua. Ni msasa wangu. Nilikuwa nimekaa hapohapo, hatua mbili kutoka kwako, nikisugua pembe. Na kabla sauti haijaisha nasikika nikisema, "Mama Wawira, chai iko tayari."

Nilikuletea chai. Uliniambia asante.

Sikuweza kula siku hiyo wala ya pili. Kisha nikampigia mwimbaji, nikamtajia jina langu na siku niliyomfungia mkufu.

"Kendi?" akasema. "Si wewe uliolewa?"

"Sikuolewa. Sijawahi kuondoka."

Akaniambia ile nafasi ilichukuliwa na mtu mwingine kitambo. Alisema pole. Hakuna mtu wa kulaumiwa upande wake.

Nikamuuliza Wawira kama alijua. Alisema hakujua, lakini hashangai. "Mama alikuwa anaogopa. Ungeenda, angebaki na nani?" Alidhani hilo litanipoza. Lilinichoma zaidi. Kwa sababu ungeniuliza tu! Ungesema, "Kendi, usiende, mikono yangu imekufa, nakuhitaji." Ningebaki. Unajua ningebaki. Ningekaa hapohapo na msasa wangu, ila ningekuwa nimechagua. Wewe ulinifungia ndani, na mimi hata sikujua kulikuwa na mlango.

Na umeniacha na uongo ambao siwezi kuuondoa. Juzi nilikutana na yule mwalimu wa bangili. Akaanza kukusifu, akautaja mkufu. Nikasema polepole, "Ule niliutengeneza mimi." Akanitazama kama nimeiba sadaka. "Kendi, marehemu hawezi kujitetea. Usiseme hivyo." Nikasema samahani. Hebu fikiria, mimi ndiye niliyeomba samahani.

Sasa nikwambie yaliyobadilika. Niliondoka Kinoru. Wawira alinipa mbao, tupa na koleo zako, nami nikachukua kibanda kidogo hapa Nchiru karibu na hosteli. Wasichana huingia kati ya masomo, wanajaribu, wanapigana picha, wanarudi na marafiki. Kila kitu kinachotoka mkononi mwangu kina herufi tano za jina langu nyuma, nimezichonga kwa ncha ya msumari. Mzee Abdalla bado ananiwekea pembe. Aliponiona na vifaa vyako hakuuliza, alisema tu, "Endelea."

Na baadaye mwimbaji alinipigia. Anataka mkufu mwingine. Hakuniahidi karakana wala chochote. Alisema niulete mwenyewe, nionane na watu wawili watatu, tuone. Niliumaliza jana. Haufanani na ule. Umekaa upande mmoja tu wa shingo, kama mtu aliyegeuza uso. Nilivuka barabara nikautazama kutoka ng'ambo. Sikusikia mtu akisema rudia, na nilisimama pale kwa muda nikisubiri.

Jumanne naenda Nairobi. Gari litapita Embu, karibu kabisa na kwenu, na pengine nitauona ule mti wa makadamia ulio juu ya kaburi lako. Nakwambia mapema: sitashuka. Bado sijakusamehe na sitaki kuja kusimama hapo nikijifanya. Akina mama wa kanisa wanasema nikuombee. Nitakuombea nikiweza.

Lakini wakati wa kurudi nitashuka. Hiyo ndiyo ahadi yangu. Iwe wameupenda au wameukataa, nitashuka nitembee mpaka hapo ulipo, na nitakueleza vile kishikizo kilikaa, na vile rangi iligeuka chini ya taa, kwa sababu nimefikiria watu wote ninaowajua na hakuna mwingine atakayeelewa ninachosema. Hilo nalo linaniudhi.

Kwaheri kwa sasa, Mama Wawira. Ningojee hapo.

Aliyetengeneza mkufu,
Kendi