Bwana Nyota

Mdogo wangu mpendwa,

Marahaba kwa shikamoo iliyokuja na barua yako. Goti vipi? Natumaini sasa linakubali ngazi, na kwamba shemeji ameacha kukohoa. Mimi ni mzima, ila macho yanazidi kudai herufi kubwa.

Umeuliza kwa nini mume wa binti yangu humleta mkewe mpaka getini kwangu, kisha akabaki ndani ya gari saa nzima. Umeuliza kama shangazi, tena shangazi aliyeitisha kikao Jumamosi, basi una haki ya kujibiwa. Nitaeleza polepole, kwa sababu wewe kompyuta huijui, na mkwe wangu anadhani anaijua.

Unajua kwamba tangu nistaafu nasahihisha miswada ya vitabu vya shule hapa nyumbani, kwa kompyuta ya Linux. Humo kila programu huweka matakwa ya mwenyewe kwenye faili ndogo za mipangilio: ukubwa wa herufi, rangi, vitufe vya mkato, na kwangu mimi, orodha ya maneno elfu nne niliyoyahakiki tahajia kwa miaka kumi na moja. Jina la faili ya namna hiyo huanza na nukta, na chenye nukta mbele hakionekani ukifungua folda mpaka uombe kuonyeshwa. Nukta ni pazia. Ukishaelewa hilo, umeshampita mkwe wangu.

Faili hizo zote nilizikusanya kwenye folda moja niliyoiita “vyangu”, na kule zilikotoka nikaacha viungo, yaani vibao vya kuielekeza programu mahali faili zilikohamia. Huo ni utaratibu wa mtu mzima. Mkwe yeye hukopi mipangilio ya watu asiowajua mtandaoni. Kila wiki kompyuta yake ina sura mpya. Leo saa iko juu ya kioo, kesho haipo, naye hukaa akiitafuta ilhali amevaa saa mkononi.

Niliponunua kompyuta mpya, binti alishikilia kwamba mumewe ndiye anihamishie vitu. Alikuja Jumatatu, flashi inaning'inia shingoni kama filimbi ya refa. Chai haijapoa, akaniambia baba, vyote vimehama, hata vilivyofichika. Nikawasha. Herufi zilikuwa kama mayai ya chawa, rangi zilinichoma macho, na maneno yangu elfu nne hayakuwepo.

Nilimweleza kosa lake mbele ya mkewe na wazazi wake, waliokuwa wamekuja kutusalimia. Nilisema kwamba wavivu huiamuru kompyuta ikopi kwa alama ya nyota, wakidhani nyota hubeba kila kitu, kumbe huviacha vyote vyenye nukta mbele. Akasema hakutumia nyota. Akaomba tukae tuangalie pamoja. Nikamwambia, Bwana Nyota, nenda kahesabu nyota zako. Baba yake alicheka kidogo, kisha akaangalia viatu vyake. Tangu siku hiyo, miezi mitatu sasa, mkwe hajavuka kizingiti changu, na binti hukaa kwangu jicho likiwa dirishani.

Sasa soma vizuri. Jana nilitaka kumwaga pipa la taka la kompyuta mpya, ambamo vilivyofutwa hukaa mpaka uvitupe kabisa. Nikaikuta “vyangu”. Tarehe ya kufutwa ilikuwa Jumapili, siku moja kabla ya mkwe kuja. Nikakumbuka. Jumapili ile nilikuwa nikiifagia kompyuta ya zamani ili asikute uchafu wangu akanicheka. Nilifungua folda moja, nikaiona tupu, nikaifuta, nikazima. Ilionekana tupu kwa sababu kila kilichokuwamo kilianza na nukta. Mimi, mwalimu wa pazia, nilisimama mbele ya pazia nikasema chumba hakina mtu.

Hata pipa lenyewe hukaa nyuma ya nukta. Mkwe angetumia nyota, lisingefika kwenye kompyuta mpya. Tena jina “vyangu” halina nukta, kwa hiyo nyota ingeibeba pamoja na vyote vilivyomo. Hilo nililijua hata nilipokuwa nikimkaripia. Lakini nilikuwa na wasikilizaji, na kukaripia kulinipendeza.

Faili nimezirudisha, na herufi zimekuwa kubwa tena. Ningeweza kunyamaza, hakuna ambaye angejua. Badala yake nakuomba Jumamosi umtoe mkwe garini, umkalishe sebuleni, wazazi wake wawepo, umsomee barua hii yote. Usiruke filimbi, wala mayai ya chawa. Dharau hiyo ndiyo iliyomfungia garini, basi aisikie ikirudi kwa mwenyewe. Nikisoma mimi nitaanza kueleza, na nikianza kueleza nitajitetea. Kuhusu saa yake inayopotea, hapo sibadilishi neno.

Msalimie shemeji, na mwambie dawa ya kifua anywe, asiinuse tu. Goti lipumzishe, utalihitaji kwa safari ya kuja huku. Na mkwe akitaka naye kunipa jina, nimeshamrahisishia kazi hapa chini.

Kaka yako,
Folda Tupu